Kukosa si Kosa: Istilahi na Utafutaji wa Hitilafu katika Makundi ya Seva za Kibindo

1. Utangulizi

Mjadala wa istilahi za sayansi katika Kiswahili umeelekea kwa muda mrefu kwenye swali moja: neno litoke wapi? Wako wanaopendelea kukopa kutoka Kiingereza, wako wanaopendelea Kiarabu, na wako wanaotaka lahaja na lugha nyingine za Kibantu zipekuliwe kwanza. Swali hilo lina uzito wake. Hata hivyo, liko swali la pili ambalo aghalabu hupewa nafasi ndogo: neno likishapatikana, je, linamwezesha mtumiaji kutofautisha mambo ambayo kazini mwake hayana budi kutofautishwa? Makala haya yanalichunguza swali hilo la pili kwa kutazama uwanja mmoja mwembamba, yaani ufuatiliaji wa utendaji wa makundi ya seva zinazoweka data kwa muda ili kuharakisha majibu, na utafutaji wa hitilafu pindi utendaji huo unapozorota.

Uwanja huu umechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, karibu kila mtu anayefungua ukurasa katika intaneti hutumikiwa na seva za namna hii bila kujua. Pili, fundi anayezichunguza haoni mashine ikivuja wala ikitoa moshi. Huona tarakimu na majina ya tarakimu tu. Jina likiwa na utata, uchunguzi nao hupotoka. Hoja kuu ya makala ni kwamba, katika kazi hii, kukosa si kosa. Na kwamba Kiswahili, ambacho maneno yake haya mawili yana shina moja, kina sababu ya pekee ya kuyatenganisha.

2. Ghala na kibindo

Data za shirika kubwa huwekwa katika hifadhidata, ambayo hapa itaitwa ghala. Ghala huandika data kwenye diski, hulinda usahihi wake, na haipotezi kitu umeme unapokatika. Gharama ya usalama huo ni muda: swali moja linaweza kuchukua milisekunde kadhaa, pengine makumi ya milisekunde, kabla ya kujibiwa. Kwa hiyo nakala za data zinazoombwa mara kwa mara huwekwa pia katika kumbukumbu ya haraka ya seva nyingine, ambako zaweza kusomwa kwa muda usiofika milisekunde moja. Mahali hapo pa pili ni padogo, pa karibu, na ni pa muda. Umeme ukikatika hapo, kilichomo kwa kawaida hupotea. Lakini hasara si kubwa, kwa kuwa asili yake ingali ghalani.

Wazo hili ni la zamani kuliko intaneti. Mwaka 1965 Maurice Wilkes wa Cambridge alieleza kumbukumbu ndogo ya haraka inayoitumikia kumbukumbu kubwa, akaipa jina la mtumwa. Mwaka 1968, katika maelezo ya kompyuta ya IBM System/360 Model 85, lilitumika neno jingine la Kiingereza ambalo asili yake ni kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kuficha. Nalo ndilo lililoshinda. Ni vyema kukumbuka basi kwamba hata Kiingereza hakikuzaliwa na istilahi hii. Kilianza na picha ya utumwa, kikaiacha, kikachukua picha ya maficho. Wazo lenyewe lilihamia baadaye kutoka ndani ya kompyuta moja hadi kwenye makundi ya kompyuta nyingi: Memcached iliandikwa na Brad Fitzpatrick mwaka 2003 kwa ajili ya LiveJournal, na Redis ikaanzishwa na Salvatore Sanfilippo mwaka 2009.

Kwa Kiswahili, neno linalokuja haraka akilini ni akiba. Neno hili ni zuri, lakini lina kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba akiba humaanisha pia kitu kinachosubiri kushika nafasi ya kingine kikiharibika, kama gurudumu la akiba au askari wa akiba. Msomaji anayekutana na maneno "seva ya akiba" ataelewa, na kwa haki, seva inayokaa bure ikingoja mwenziwe afe. Kumbe seva inayozungumziwa ndiyo inayofanya kazi nyingi kuliko zote. Kasoro ya pili imo katika methali inayojulikana kote: akiba haiozi. Data zilizowekwa kwa muda huoza. Bei ya bidhaa ikibadilika ghalani, nakala ya bei ya jana huwa uongo. Neno linalomfariji fundi kwamba kilichowekwa hakiozi linamficha hitilafu mojawapo iliyo ya kawaida sana katika kazi yake.

Makala haya yanatumia neno kibindo. Kibindo ni pindo la nguo kiunoni ambamo mtu hutia fedha ya matumizi. Ni kidogo, ki karibu na mkono, na hakuna anayedhani kwamba mali yake yote imo humo. Neno hili nalo lina upungufu, kwa kuwa fedha iliyo kibindoni si nakala ya fedha iliyo sandukuni. Lakini picha inayotolewa na neno haihitaji kulingana na kitu kwa kila upande. Inatosha kwamba isimpotoshe mtumiaji pale anapotakiwa kuamua. Anayesikia "kibindo kimejaa" atafikiri mara moja juu ya udogo wa nafasi, na hilo ndilo la kufikiriwa.

Seva moja ikishindwa kubeba data zote, huundwa kundi. Kila data hupewa ufunguo, na kanuni ya hesabu huamua ufunguo upi ukae katika seva ipi. Kanuni hiyo si jambo dogo. Ikiwa seva huchaguliwa kwa kugawanya namba ya ufunguo kwa idadi ya seva na kutazama baki, basi kuongeza seva moja kwenye kundi la seva 10 hubadilisha mahali pa funguo takriban 10 katika kila 11, yaani asilimia 91. Fundi aliyekusudia kupunguza mzigo hujikuta amekimwaga kibindo chote kwa tendo moja. Kanuni ya mgawanyo wa duara, iliyochapishwa mwaka 1997 na David Karger na wenzake, huhamisha funguo kama 1 tu katika kila 11, yaani asilimia 9.

3. Kupata, kukosa na kosa

Ombi linapofika kibindoni, mambo mawili yaweza kutokea: ama data imo, ama haimo. Ikiwamo, ombi limepata. Isipokuwamo, ombi limekosa, na programu itakwenda ghalani kuichukua, kisha kuacha nakala kibindoni kwa ajili ya atakayefuata. Kukosa huko si ajali. Kibindo kipya huanza kwa kukosa, na hakuna data iliyowahi kupatikana ambayo haikukoswa kwanza.

Ugumu wa lugha unaanzia hapa. Kitenzi kukosa kina maana zaidi ya moja. Mwindaji amekosa ndege. Mtoto amekosa chakula. Mtu akiri kwa mwenziwe kwamba amekosa na kuomba radhi. Nomino kosa, kwa upande wake, imeelemea maana ya hitilafu au hatia. Ripoti ikiandikwa kwamba "makosa ya kibindo yameongezeka", msomaji hawezi kujua kama data hazikuwamo au kama seva imeharibika. Tiba za mambo hayo mawili ni tofauti kabisa: la kwanza pengine lahitaji nafasi zaidi, la pili lahitaji kebo mpya au seva nyingine. Kwa sababu hiyo makala haya yanapendekeza ukosaji kwa hali ya data kutokuwamo, upataji kwa kinyume chake, na neno kosa liachiwe hitilafu peke yake. Neno pato halifai kuwa kinyume cha ukosaji, kwa kuwa limekwisha kushikwa na uchumi.

Utata huu haukai katika lugha ya binadamu tu. Umo hata katika programu. Maktaba kadhaa zinazotumiwa na programu kuzungumza na Memcached hurudisha jibu lile lile tupu, iwe data haikuwamo au seva haikufikika. Matokeo yake ni haya. Seva moja ya kundi inapozimika, programu hudhani kwamba imekosa data, nayo hukimbilia ghala. Fundi anayetazama hesabu za seva haoni ongezeko lolote la ukosaji, kwani seva iliyokufa haihesabu kitu. Wakati huo ghala linafurika. Ndiyo maana hesabu hazina budi kuwekwa pande mbili, kwa seva na kwa programu inayoomba, na upande wa pili uandike ukosaji na kosa katika safu mbali mbali.

Liko pia jambo la namna ya kutaja kiwango. Ada ni kutaja kiwango cha upataji, yaani maombi yaliyopata katika kila 100. Kikishuka kutoka asilimia 99 hadi 98, mtazamaji huona badiliko dogo lisilofaa kumwamsha mtu usiku. Lakini ghala halitumikii maombi yaliyopata, hutumikia yaliyokosa. Ikiwa maombi ni 100,000 kwa sekunde, ghala lilikuwa likipokea 1,000, na sasa linapokea 2,000. Mzigo wake umeongezeka maradufu. Tukio ni lile lile. Likitajwa kwa upataji ni tone, likitajwa kwa ukosaji ni gharika. Hapa uchaguzi wa nomino ndio unaoamua kama kengele italia au haitalia.

4. Wastani na kile usichokionyesha

Hesabu za Memcached na Redis hujumlishwa tangu seva ilipowashwa, au tangu zilipofutwa na kuanzishwa tena kwenye sifuri. Tuseme seva imefanya kazi kwa siku 60, yaani saa 1,440, kwa maombi yasiyobadilika wingi, na upataji wake ni asilimia 99. Katika saa inayofuata upataji unaanguka hadi asilimia 50. Kiwango cha jumla sasa kitasomeka asilimia 98.97. Nusu ya maombi yote ya saa hiyo yamekwenda ghalani, na kiwambo cha fundi hakijatikisika. Kinachotakiwa kupimwa ni tofauti kati ya hesabu ya sasa na ile ya dakika chache zilizopita.

Wastani wa kundi nao hufanya vivyo hivyo katika nafasi badala ya wakati. Ufunguo mmoja ukiombwa mno, kama habari ya mchezaji aliyefunga bao muda huo huo, seva inayoushika huelemewa peke yake huku nyingine zikiwa shwari. Wastani wa seva 50 hautaonyesha taabu ya mmoja wao.

Muda wa kungoja ndio unaodanganya zaidi. Ukurasa mmoja waweza kuhitaji data kutoka seva nyingi kwa pamoja, na haukamiliki mpaka jibu la mwisho lifike. Tuseme seva hujibu upesi mara 99 katika kila 100, na ukurasa unahitaji majibu 100 yasiyotegemeana. Uwezekano wa kupata walau jibu moja la polepole ni takriban asilimia 63. Hivyo jambo linaloonekana adimu kwa upande wa seva huwa ndilo la kawaida kwa msomaji. Fundi hapaswi kuuliza jibu la wastani linachukua muda gani. Aulize lile la mwisho kati ya 100, au kati ya 1,000, linachukua muda gani.

5. Mkanyagano: Wikipedia, 2009

Tarehe 25 Juni
2009, mwanamuziki Michael Jackson alipofariki, watu wengi mno waliufungua ukurasa wake katika Wikipedia kwa wakati mmoja, na wahariri nao wakawa wanaurekebisha mfululizo. Ukurasa huo ulikuwa mrefu, wenye marejeo na vigezo vingi, na kuutengeneza upya kulichukua muda. Kila rekebisho liliifanya nakala iliyokuwa kibindoni isifae tena. Seva ya kwanza ikaikosa, ikaanza kuutengeneza ukurasa. Kabla haijamaliza, ya pili ikaukosa, nayo ikaanza kazi ile ile. Na ya tatu vivyo hivyo. Kabla kazi haijakamilika, rekebisho jingine lilifika. Seva zikaelemewa na kazi moja iliyorudiwa mara nyingi, na huduma kwa kurasa nyingine ikaathirika pia.

Hali hii yastahili kuitwa mkanyagano. Neno hili Kiswahili kinalo tayari kwa umati unaosukumana mlangoni, na linafaa kwa sababu linabainisha kwamba hakuna aliyekosea. Kila seva ilifanya kama ilivyofundishwa: imekosa, ikatengeneza. Anayetafuta kosa katika tukio hili hatalipata. Kinachoonekana ni ukosaji mwingi wa ufunguo mmoja, ndani ya muda mfupi. Dawa iliyotengenezwa na mafundi wa Wikimedia baada ya tukio, iitwayo PoolCounter, haiuzuii ukosaji. Huweka kikomo cha seva zinazoruhusiwa kutengeneza ukurasa mmoja kwa pamoja, na nyingine zingoje au zitoe nakala ya zamani. Ni kama bawabu anayeruhusu wachache kupita kwa zamu.

6. Kosa lililodhaniwa kuwa data mbovu: Facebook, 2010

Tukio la pili ni kinyume cha la kwanza. Tarehe 23 Septemba 2010 Facebook haikupatikana kwa watumiaji wake wengi kwa muda wa saa mbili na nusu hivi, na kampuni yenyewe ikaeleza sababu hadharani. Palikuwa na utaratibu wa kujiendesha uliokagua thamani za mipangilio zilizo kibindoni. Thamani mbovu ikionekana, programu huifuta na kuchukua iliyo sahihi ghalani. Siku hiyo thamani yenyewe iliyo ghalani ilibadilishwa, na badiliko hilo likahesabiwa kuwa bovu. Kila programu iliyoiona ilikwenda ghalani kuirekebisha, na ghala likapokea maswali mamia ya maelfu kwa sekunde.

Yaliyofuata ndiyo yanayoihusu hoja ya makala haya. Ghala lililoelemewa lilirudisha makosa. Programu, kwa jinsi zilivyoandikwa, zililitafsiri kosa kuwa ni thamani mbovu, kwa hiyo zikaufuta ufunguo kibindoni. Kufutwa kwa ufunguo kukazaa ukosaji, ukosaji ukazaa maswali, maswali yakazaa makosa, na makosa yakafuta funguo zaidi. Hata baada ya thamani ya awali kusahihishwa, mzunguko huo haukukatika, kwa sababu haukuihitaji tena sababu yake ya kwanza. Ilibidi maombi yote kwa ghala hilo yasimamishwe, maana yake huduma yenyewe izimwe, kisha watumiaji wakaruhusiwa kurudi kidogo kidogo.

Kwa lugha ya kawaida, mashine iliambiwa "siwezi kujibu sasa", nayo ikasikia "ulichonacho ni kibaya". Ni mkanganyo wa aina ile ile iliyoelezwa katika sehemu ya tatu, ila hapa ulifanywa na programu. Kama kosa lingeachwa liwe kosa, programu ingengoja na kujaribu tena baadaye, na funguo zingebaki mahali pake.

7. Utaratibu wa kutafuta hitilafu

Kutokana na hayo, maswali ya fundi yaweza kupangwa hivi. Kwanza, taabu ni ya ukosaji, ya kosa, au ya kukawia? Jibu la swali hili litolewe kwa hesabu za programu na za seva zikilinganishwa, si kwa upande mmoja. Pili, hesabu ni ya muda gani, na ni ya seva ipi? Tatu, ikiwa ni ukosaji, data iliondokaje kibindoni?

Swali hili la tatu lahitaji maneno matatu. Data yaweza kuenguliwa, yaani kutolewa kwa sababu nafasi imejaa na nyingine yaingia. Yaweza kumalizikiwa na muda iliopangiwa. Na yaweza kufutwa kwa makusudi kwa kuwa asili yake imebadilika. Redis huhesabu uenguaji na kumalizika kwa muda katika safu mbili, na kwa sababu nzuri. Uenguaji mwingi ni dalili ya kibindo kuwa kidogo. Funguo nyingi zikimalizikiwa na muda kwa pamoja, kosa liko kwa aliyezipa zote muda ule ule, na tiba ni kuutawanya. Kuongeza kumbukumbu katika hali hii ya pili ni kupoteza fedha. Hata uenguaji wenyewe wahitaji kutazamwa kwa makini: Memcached huigawa kumbukumbu yake kwa makundi ya ukubwa wa data, na katika matoleo ya zamani iliwezekana data za ukubwa fulani zienguliwe huku nafasi ya ukubwa mwingine ikikaa bure.

Ikiwa taabu ni kukawia, yatazamwe maombi ya polepole kuliko yote, kisha kiulizwe kilichoyatangulia. Redis hutekeleza amri zake moja baada ya nyingine. Amri moja ndefu, kama ile ya kuorodhesha funguo zote, huzizuia zote zilizo nyuma yake. Anayeonekana mvivu huenda ni yule aliyesimama nyuma ya mzigo wa mwingine.

Jambo la mwisho ni tahadhari. Kuzima na kuwasha upya ni dawa inayopendwa, lakini kwa kundi la seva za kibindo ni dawa ya hatari. Seva iliyowashwa upya kwa kawaida haina kitu, na kila ombi lake litakosa. Zikiwashwa zote pamoja, ghala litapokea kwa dakika chache mzigo ambalo halikujengwa kuubeba. Ziwashwe moja moja, na kila moja ipewe muda wa kujaa.

8. Hitimisho

Istilahi zilizopendekezwa ni chache: kibindo na ghala, upataji na ukosaji, kosa kwa maana ya hitilafu peke yake, kuengua, kumalizikiwa na muda na kufuta, na mkanyagano. Isipokuwa umbo la ukosaji na la upataji, ambayo yametolewa kwa njia ya kawaida ya unominishaji, yote ni maneno ambayo Kiswahili kinayo tangu zamani. Uhaba wa maneno haukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa wingi wa maana katika neno moja, na hapo kazi ya mwanaisimu ni kugawa, si kubuni.

Kipimo kilichotumiwa ni kimoja: je, fundi akilisikia neno hili saa nane za usiku, huduma ikiwa imesimama, ataelekea mahali panapostahili? Kamati za istilahi huweza kuyapima maneno yao kwa ufasaha, kwa ufupi na kwa asili. Yafaa pia yapimwe kwa matokeo ya kuyachanganya. Pale ambapo kuyachanganya hakuna hasara, utata waweza kuvumiliwa. Pale ambapo kosa likidhaniwa kuwa data mbovu huizima huduma ya watu wengi, utata huo ni sehemu ya hitilafu yenyewe, na kuuondoa ni sehemu ya matengenezo.